Ng'ombe Walipopofuka Sitalike

Ng'ombe wa kwanza alianza kwa kusaga meno. Nyamizi alimsikia akiwa kibandani kwake anachaji simu za watu, akadhani ni mashine ya kukoboa mahindi inanguruma mbali. Alipotoka akamkuta yule jike mweusi mwenye baka jeupe usoni amesimama nyuma ya nyumba, amekandamiza paji la uso kwenye tofali kama anayetaka kuuangusha ukuta. Macho yalikuwa wazi. Nyamizi akapunga mkono mbele yake. Hakupepesa.

"Baba Suzana!" aliita. "Njoo uone. Ng'ombe haoni."

Luhende, mumewe, alikuja mbio. Alikuwa mtu aliyekulia nyuma ya mikia ya ng'ombe. Aliwahi kuwaona wakifa kwa ndigana, kwa kiangazi, kwa kukamatwa na simba kandokando ya hifadhi. Huu ugonjwa hakuujua. Alimshika pembe akamgeuza, jike akatembea kwa kuzunguka, kisha akarudi palepale kugonga kichwa. Kabla jua halijawa kali akaanguka, miguu ikawa inapiga hewa. Luhende akamchinja ili nyama isipotee bure, majirani wakagawana.

Baada ya siku chache akafuata mwingine. Kisha ndama wawili kwa pamoja, wakitembea na kugongana kama walevi, wakianguka kwenye miiba ya boma bila kuiona. Nyamizi alisimama katikati ya zizi, kiganja mdomoni.

Nyamizi aliingia Katavi akiwa msichana mdogo, wazazi wake wakiswaga ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga kutafuta malisho. Aliolewa na Luhende, wakajenga pembeni ya Sitalike, mahali ambapo nguzo za umeme zinaonekana kule barabarani lakini waya haujafika. Yeye ndiye aliyeuza mbuzi wake mwenyewe akanunua sola. Akafungua kibanda cha kuchaji simu, akaongeza mashine ya kunyolea, akaongeza redio kubwa iliyowakusanya vijana jioni. Watu wakamheshimu. Hata wanaume waliokuwa wakisema mwanamke hawezi mambo ya umeme walimletea simu zao huku wakimwita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama mwenye mji.

Ila betri za sola hazidumu. Nyingi za zile za bei rahisi hazimalizi hata masika ya pili. Ikifa moja, Nyamizi alinunua nyingine Mpanda mjini na ile iliyokufa akaisukumia nyuma ya zizi. Mara kwa mara alipita Onesphore, mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Mishamo, kwenye makazi ya watu waliotoka Burundi, na pikipiki yake. Betri nzima ni nzito, tena inamwaga tindikali safarini na kutoboa suruali, kwa hiyo Onesphore alizipasulia palepale kwa shoka. Maji aliyamwaga chini. Alichukua vile vibamba vya kijivu vilivyomo ndani, akafunga kwenye kiroba, akaondoka akipiga honi. Maganda na unga uliobaki vilikaa hapohapo. Hakuna aliyeona ubaya. Ng'ombe walipenda sana kulamba ile kona, na Luhende alikuwa akisema wamepata chumvi.

Kwa hiyo vifo vilipoanza, hakuna aliyeitazama kona ile. Watu walimtazama Danford.

Danford alikuwa jirani, mkulima, Mpimbwe wa hapohapo. Msimu uliopita ng'ombe wa Luhende walimwingilia shambani wakamaliza mahindi yaliyokuwa yanabeba. Siku ile, mbele ya watu, kwa hasira, Danford alisema: "Wakirudi tena hapa, mzee Luhende, hutawaona tena." Maneno ya hasira husahauliwa na aliyesema. Aliyeambiwa hayasahau.

"Ameweka sumu," Luhende alisema asubuhi waliyomkuta ng'ombe wa tano amelala. "Sumu ya panya, au dawa ya kwao. Mimi najua."

"Hujui," Nyamizi alimjibu. "Ngoja nimpigie daktari wa mifugo."

"Daktari atawafufua?"

Alipiga simu hivyohivyo. Upendo, ofisa mifugo, alikuwa njiani kutoka Mpanda, akasema wasimguse yule aliyekufa mpaka afike. Nyamizi alipokata simu na kugeuka, uwanja ulikuwa mtupu. Vijana waliokuja kutazama mzoga walikuwa wameondoka na fimbo zao, na Luhende yuko mbele.

Alikimbia. Alipofika kwa Danford alikuta duara la watu na vumbi. Danford yuko chini, amekunja mkono wa kushoto kifuani, na mkono wenyewe umekaa vibaya chini ya kiwiko. Mkewe, Scolastica, amemlalia juu, anawakinga watu kwa mgongo wake. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa akirudia neno moja tu kwa sauti ya chini: "Nyie. Nyie. Nyie."

Nyamizi hakuwahi kuwaona watu wale hivyo. Wote aliwajua. Kijana aliyeshika fimbo iliyovunjika alikuwa amechajiwa simu kwake jana yake, akasema asante mayu, akacheka. Sasa uso wake ulikuwa kama mlango uliofungwa. Na mumewe, baba wa watoto wake, alikuwa amesimama juu ya mtu aliyevunjika mkono, anahema.

"Baba Suzana, acha!" alilia. "Mtaua mtu!"

"Na yeye ameua nini?"

Ndipo pikipiki ya Upendo ilipoingia mpaka katikati ya duara. Alikuwa mwanamke mwembamba, amevaa buti za mpira na koti la kazi lenye madoa. Alimtazama Danford, akawatazama watu, akazima injini.

"Kabla hamjampasua mtu," alisema, "nipeni mimi nimpasue ng'ombe."

Upendo aliufunga mkono wa Danford kwa vijiti na khanga ya Scolastica, akaagiza apakiwe kwenye pikipiki nyingine apelekwe hospitali. Kisha akawaamuru wote, kwa sauti ya mtu asiyezoea kurudia neno, wamfuate mpaka zizini. Wakafuata. Labda waliona aibu, labda walitaka ushahidi wao.

Upendo alivaa glavu ndefu, akampasua yule ng'ombe wa tano mchana kweupe, watu wamemzunguka. Alipita tumbo kubwa, akaingia kwenye lile dogo ambalo ndani yake pana vijumba vijumba kama sega la nyuki. Akachota kilichokuwemo, akakiweka kwenye beseni, akamimina maji, akakoroga kwa vidole, akamimina tena. Kilichobaki chini kilikuwa kizito na cha kijivu. Vipande vipande, vingine kama kucha, vingine kama mchanga mnene.

"Hii hapa," Upendo alisema. "Wameuawa na risasi."

Kelele zikalipuka. "Risasi? Nani amepiga bunduki?" Luhende akaanza kuzunguka mzoga akitafuta tundu. Mtu akataja askari wa hifadhi, mwingine akasema nilijua mimi, na fimbo zikainuliwa upya, safari hii bila kujua za kumpiga nani.

"Sikilizeni!" Upendo aliinua mkono wenye damu. "Si risasi ya bunduki. Risasi ni madini. Ni hili bati laini la kijivu. Ng'ombe huipenda ladha yake. Ikiingia tumboni haitoki, inakaa humo ikiyeyuka kidogo kidogo, inapanda mpaka kwenye ubongo. Ndiyo inayowapofusha. Sasa niambieni, hapa kwenu imetoka wapi?"

Katikati ya ule uchafu kulikuwa na kipande cha plastiki chekundu, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Nyamizi alikitazama kwa muda. Alikuwa amefungua vifuniko vya namna ile kwa mkono wake, miaka nenda miaka rudi, akiongeza maji ya betri.

Angeweza kunyamaza. Hakuna mwingine aliyekuwa anakijua.

"Hicho ni changu," alisema.

Watu wakamgeukia.

"Ni kifuniko cha betri yangu ya sola. Danford hajafanya kitu. Ni betri zangu, kule nyuma."

Luhende alimwangalia mkewe kama anayesikia lugha ngeni. Akageuka, akatembea mpaka nyuma ya zizi. Walimwona amesimama mbele ya ile kona, ambapo ardhi imekuwa nyeupe na majani hayaoti, na imelambwa mpaka pamekuwa shimo. Akakaa chini. Mwanaume mzima, mbele ya watu, akakaa kwenye vumbi akashika kichwa.

Mshtuko haukuishia hapo. Upendo aliuliza kama kuna mtu aliyekula nyama ya wale wa mwanzo. Walionyamaza walikuwa wengi kuliko waliosema. Akauliza habari za maziwa. Nyamizi akageuka kuitazama nyumba yake, kwa sababu asubuhi ileile alikuwa amempa Suzana kikombe cha maziwa, kama kila asubuhi. Suzana, binti yake, ambaye bado hajaanza shule, ambaye kwa wiki kadhaa alilalamika tumbo na kukataa ugali. Suzana ambaye alipenda kukusanya vile vibamba vya kijivu na kuvipanga kama sahani za kupikia kitoto.

"Maziwa yamwageni yote," Upendo alisema taratibu. "Mizoga tutaichoma na kuifukia mbali na maji. Na mtoto apelekwe Mpanda leo."

Hospitalini walimtoa damu, lakini kipimo chenyewe hakikuwepo, ikabidi sampuli isafirishwe. Yale majuma ya kusubiri Nyamizi hakuweza kula. Alikuwa akiamka, anapitisha mkono mbele ya macho ya mwanawe aone kama anapepesa. Suzana alicheka, akadhani mama anacheza.

Majibu yaliporudi, daktari aliwakalisha wote wawili. Risasi ilikuwemo kwenye damu ya mtoto, nyingi kuliko inavyovumilika. Haikuwa ya kumwua. Lakini hakutaka kuwadanganya: watoto wa namna hii wengine huchelewa kushika masomo, na hakuna anayeweza kusema mapema ni yupi. Cha kwanza ni kumtoa kwenye ile sumu, kumlisha vizuri, na kumrudisha kupimwa.

"Dawa?" aliuliza Luhende.

"Dawa kubwa kwake ni mazingira safi, mzee."

Kwa Danford walikwenda pamoja, mke na mume, wakiwa na mtamba mwekundu aliyenunuliwa kwingine kabisa. Danford alikuwa amekaa mlangoni, mkono umefungwa bandeji ngumu. Alimtazama yule mtamba, akatikisa kichwa.

"Ng'ombe wako nitamwamini vipi, mzee Luhende?"

"Huyu hakutoka zizini kwangu."

"Sitaki ng'ombe. Ulinisema mbele ya watu. Kaniondolee neno hilo mbele ya watu."

Siku ya mnada, watu walipojaa, Luhende alipanda juu ya gogo la kupakilia ng'ombe akasema. Alisema kwa Kiswahili, akarudia kwa Kisukuma ili asibaki wa kusema hakuelewa. Kwamba Danford hakuweka sumu. Kwamba sumu ilitoka nyumbani kwake mwenyewe, na kwamba yeye alimvunja mtu mkono kwa ajili ya ujinga. Kisha akashuka. Danford alikuwepo, alisikia, akaondoka bila kumpa mkono. Mpaka leo wanasalimiana, basi. Scolastica hakurudi tena kuchaji simu kwa Nyamizi, na Nyamizi hakumlaumu.

Onesphore alipita mwezi uliofuata, honi yake ileile, shoka limefungwa nyuma ya kiti. Nyamizi alitoka akamzuia kabla hajashuka, akamsimulia yote. Kijana alisikiliza akitabasamu mwanzoni, kisha tabasamu likafa.

"Dada Nyamizi," alisema, "mimi ile risasi naiyeyusha nyumbani, ili ipungue ukubwa. Wavuvi wa ziwani wanaichukua kwa ajili ya kuzamishia nyavu."

"Unayeyushia wapi?"

"Jikoni. Mke wangu akishaepua maharage, mimi nabandika."

"Sufuria ileile?"

Onesphore aligeuza pikipiki. Honi hakupiga.

Upendo ndiye aliyemwambia Nyamizi kuhusu semina. Mtaalamu wa taka za kielektroniki, mama mmoja aitwaye Romana, alikuwa anakuja Mpanda kuzungumza na wafanyabiashara. Nyamizi alikaa viti vya mbele, kwenye ukumbi wenye feni moja, mtaa wa Kashaulili mjini Mpanda. Palikuwa na wauza simu, mafundi redio, wauza sola. Wengi walikuja kwa sababu ya chakula cha mchana.

Romana aliwasha projekta. Alisema taka hizi zinaongezeka kila mwaka duniani kote, simu, televisheni, friji, betri, na zinazojulikana kukusanywa na kuchakatwa vizuri hata robo hazifiki. Kisha akaanza kuzungusha nchi. Ujerumani, ukinunua betri ya gari bila kurudisha ya zamani, unaacha amana, na unarudishiwa ukileta ile betri mbovu. Uswisi, gharama ya kuitupa imeshaingizwa kwenye bei siku unayonunua, na duka halina ruhusa ya kukataa mashine yako ikifa. Japani, mwenye nyumba hulipia kuondolewa kwa televisheni yake au friji. Jirani zetu Rwanda wana kiwanda kinachopokea vyombo hivi, vinafunguliwa na watu waliovaa glavu na barakoa, kila kitu kinakwenda mahali pake.

Nyamizi alitazama wale watu wa Rwanda kwenye picha. Walikuwa wamefanana na watu wa Mishamo kabisa. Mmoja alikuwa ameshika betri kama ile ya kwake, ameishika kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu aliyebeba kichanga.

Picha iliyofuata ilikuwa ya Ghana, ya miaka iliyopita kidogo, alisema Romana. Uwanja mweusi, moshi mweusi, vijana wanachoma nyaya wapate shaba, na pembeni yao ng'ombe wanatembea juu ya majivu, vichwa chini, wanatafuta cha kula. Ukumbi ukaguna. Nyamizi alishika ukingo wa meza.

"Hizo kompyuta ni za kwao?" aliuliza, hata mkono hakunyoosha.

"Nyingine ni za kwao. Nyingine zilitoka nchi tajiri, zimeandikwa mitumba, zikafika zimekufa."

"Nchi tajiri hizohizo zenye sheria ulizotuonyesha?"

Romana aliigeukia ile picha. "Sheria inakataza. Lakini ndiyo, mama. Baadhi ni hizohizo."

Nyamizi alishangaa kuliko alivyoshangaa mbele ya lile beseni. Yeye alikuwa hajui. Kumbe wapo wanaojua kila kitu, wenye vipimo na viwanda na vitabu, na bado takataka zao zinaishia mbele ya ng'ombe wa mtu mwingine.

"Na ya kwetu Sitalike?" aliuliza. "Inatakiwa iende wapi?"

Romana alieleza kwa uaminifu. Kanuni zipo hata hapa nchini, na wenye vibali vya kukusanya wapo, ila wengi wako Dar es Salaam na miji mikubwa. Huku bado. Kinachokosekana ni mtu wa kukusanya zikiwa nzima, mahali pakavu, na gari la kuzipeleka.

Wakati wa chakula Nyamizi hakwenda kwenye foleni. Alimfuata Amedeus, mwenye duka kubwa la sola pale Kashaulili, aliyemuuzia karibu kila betri aliyowahi kuwa nayo.

"Kaka Amedeus, gari linalokuletea mzigo kutoka Dar, linarudi na nini?"

"Wakati wa mavuno linarudi na mpunga. Nje ya hapo linarudi na upepo."

"Basi fanya kama Wajerumani. Betri kwa betri. Mtu akija na ile mbovu, nzima, haijapasuliwa, mpunguzie kwenye mpya. Mimi nitakusanya za upande wa Sitalike."

Amedeus alicheka mpaka akaweka sahani chini. "Dada yangu, unataka duka langu liwe jalala?"

Nyamizi hakucheka. Alimsimulia habari za jike mweusi aliyekuwa anausukuma ukuta. Akamsimulia mkono wa Danford. Alipofika kwa Suzana akaacha hapo. Amedeus alikuwa na wajukuu waliokuwa wakicheza kila siku nyuma ya duka, kati ya maboksi na betri zilizorudishwa na wateja wenye hasira. Nyamizi alimwona anageuza shingo kutazama upande wa duka lake, ingawa kutoka ukumbini halikuonekana.

"Nitaongea na yule mama," alisema mwishowe. "Atupe jina la mtu mwenye kibali."

Haikuwa rahisi. Mwenye kibali alitaka mzigo mkubwa ndipo apokee. Dereva wa kwanza alikataa, akidai tindikali itamharibia bodi ya gari; wa pili akakubali. Onesphore, aliyekuwa amewapeleka mkewe na watoto kupimwa na kuitupa ile sufuria, alirudi akaomba kazi ya kuzunguka vijijini, safari hii bila shoka. Luhende alimjengea Nyamizi banda la tofali, sakafu ya zege, mlango wenye kufuli, mbali na zizi na mbali na kisima. Ile kona ya zamani walikwangua udongo wake chini ya macho ya Upendo, wakaufunga kwenye viroba, wakaifukia sehemu kwa udongo mpya na kuizungushia miiba. Ng'ombe waliobaki walikwenda kusimama penye miiba ile siku nyingi, wakinyoosha ndimi.

Suzana alipopimwa mara ya pili, kiwango kilikuwa kimeshuka. Ameanza shule. Herufi zinamsumbua, hesabu hazimsumbui. Nyamizi hajui kama ni betri au ni mtoto tu, na hakuna atakayemwambia.

Alipotangaza kwamba banda liko tayari, alitegemea betri chache za majirani. Siku ya mnada alifungua mlango asubuhi, akakuta watu wamekwisha fika. Walizileta kwa baiskeli, kwa pikipiki, kwa mikokoteni ya ng'ombe. Mwalimu alileta za shule. Padri alileta za kanisa. Mzee mmoja kutoka mbali alishusha gunia la tochi na redio, akasema vilikuwa chini ya kitanda chake kwa sababu hakujua pa kuviweka. Mama mmoja alileta betri aliyokuwa anaitumia kama jiwe la kuzuia mlango wa jiko. Kufikia mchana banda lilijaa mpaka dirishani, na mstari ulikuwa bado umenyooka kuelekea barabarani.

"Mama Suzana," Luhende alisema polepole, akiwa amesimama naye mlangoni, "vitu hivi vyote tulikuwa tunalala navyo?"

Nyamizi alivaa glavu zake, akampokea aliyefuata.